Qingming: Makaburi yanavyoeleza dini ya Wachina

KILA mwaka, ifikapo mwanzoni mwa Aprili, maofisa wa Ubalozi wa China nchini Tanzania huenda Gongo la Mboto, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuweka maua kwenye makaburi ya Wachina wenzao zaidi ya 60.

Wengi wa waliolazwa hapo ni mafundi na wahandisi waliofikwa na mauti enzi za ujenzi wa Reli ya Tazara, kazi iliyoanza mwaka 1970 na kukamilika 1975.

Mpita njia anaweza kuichukulia shughuli hiyo kuwa ya kidiplomasia tu. Hata hivyo, siku yenyewe haikuchaguliwa ovyo. Huo ni wakati wa Qingming, ambao kwa kawaida huangukia Aprili 4 au 5, na ndio ambao Wachina popote walipo hufagia makaburi ya wazee wao.

Hapo ndipo wageni wengi wanapotatizika. China inaongozwa na Chama cha Kikomunisti, ambacho wanachama wake wapatao milioni 100 hawaruhusiwi kuwa na dini yoyote. Wananchi nao, wakiulizwa, wengi hujibu kwamba hawana dini.

Katika tafiti mbili za kitaifa zilizofanywa na vyuo vikuu vya nchi hiyo mwaka 2018, takriban asilimia 10 tu ya watu wazima walijitaja kuwa wafuasi wa dini fulani. Lakini asilimia 75 walisema wamezuru makaburi ya jamaa zao katika kipindi cha mwaka mmoja.

Mkanganyiko huo unatokana kwa kiasi kikubwa na swali lenyewe. Neno linalotumika leo kwa maana ya dini, yaani zongjiao, liliingia China kutoka Japani kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na katika masikio ya Wachina lina maana ya taasisi yenye waumini walioandikishwa, viongozi na kitabu. Kumchomea udi marehemu babu hakumo humo. Hilo ni jambo la adabu na wajibu wa mtoto.

Kwa karne nyingi Wachina walizungumzia mafundisho matatu: ya Confucius, aliyezaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo, ya Utao, na ya Ubuddha uliotoka India takriban miaka 2,000 iliyopita. Mtu hakulazimika kuchagua moja. Aliweza kumlea mwanawe kwa maadili ya Confucius, kumwita kuhani wa Tao afukuze mikosi nyumbani, kisha akawaalika watawa wa Kibuddha wasome sala siku ya msiba. Mkristo au Mwislamu wa Afrika Mashariki, aliyezoea kwamba kuingia dini moja ni kutoka nyingine, lazima aliweke hilo akilini.

Siku ya Qingming familia hung'oa magugu kaburini, hupanga matunda, wali na pombe, huwasha udi na kusujudu. Kisha huchoma karatasi zilizochapishwa mfano wa noti, ili marehemu asipungukiwe huko aliko. Siku hizi huchomwa hata nyumba, magari na simu za mkononi za karatasi. Marehemu aliyesahauliwa, kwa imani hiyo, hugeuka mzimu wenye njaa, na mwezi wa saba wa kalenda ya kale una sikukuu mahsusi ya kuwalisha mizimu ya namna hiyo.

Mfano mwingine unagusa pwani yetu. Amiri Zheng He, aliyeongoza misafara saba ya baharini kati ya 1405 na 1433, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ambayo baba na babu walifahamika kwa uhaji wao. Merikebu za misafara hiyo zilifika Malindi, na mwaka 1415 wajumbe wa mji huo walimpelekea mfalme wa China twiga.

Nchini Sri Lanka palionekana jiwe la msafara huo, la mwaka 1409, lenye maandishi ya lugha tatu. Kichina kinamsifu Buddha, Kitamil kinamsifu mungu wa Kihindu, na Kiajemi kinamsifu Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Mwaka 1431 Zheng He alisimamisha jiwe jingine huko Changle, mkoani Fujian, kumshukuru Mazu, mungu wa kike wa mabaharia, kwa kuwavusha salama. Mazu, kwa mapokeo, alikuwa binti wa kisiwa cha Meizhou aliyezaliwa mwaka 960.

Waliokuja kutoka nje na kudai mtu achague upande waligonga mwamba. Padri Matteo Ricci wa shirika la Wajesuiti, aliyefika mwaka 1582, aliona kwamba kuwaheshimu wahenga ni desturi ya kiraia, na Mchina angeweza kubatizwa bila kuiacha. Wadominika na Wafransisko walipinga. Papa Clement XI akaipiga marufuku mwaka 1704 na tena 1715.

Mfalme Kangxi, ambaye awali aliwavumilia wamisionari, alikasirika na mwaka 1721 akaamuru mahubiri yao yakome. Ilichukua hadi 1939 ndipo Papa Pius XII akaruhusu heshima hizo. Kwa zaidi ya karne mbili Mkatoliki wa China alitakiwa kuchagua kati ya altare na kaburi la baba yake. Msomaji anayefahamu mabishano ya makanisa yetu kuhusu matambiko hatashangaa.

Ikumbukwe pia kwamba hasira ya Kangxi ilikuwa ya mtawala. Nchini China hapakuwa na askofu mkuu aliyeweza kumwamuru mfalme. Mfalme ndiye aliyeitolea Mbingu sadaka, katika Hekalu la Mbingu lililojengwa Beijing mwaka 1420, na ndiye aliyeamua hekalu gani litambuliwe na lipi livunjwe. Mamlaka hayo yalirithiwa na wakomunisti.

Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, mahekalu, misikiti na makanisa yalifungwa. Novemba 1966, vijana wa Walinzi Wekundu walivamia Qufu, mji wa Confucius, wakafukua makaburi ya kizazi chake. Yeyote aliyetaka kuwaumiza wazee wa China alijua mahali pa kupiga.

Katiba ya 1982 ililegeza kamba kwa kulinda shughuli za dini inazoziita za kawaida. Dini zinazotambuliwa ni tano: Ubuddha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti, kila moja chini ya chama kinachosimamiwa na serikali. Mazu hayumo katika orodha hiyo. Yeye alipata hifadhi kwa mlango mwingine, pale mwaka 2009 Unesco ilipoziingiza imani na desturi zake katika urithi wa dunia usioshikika.

Walio nje ya mstari wamekiona cha moto. Kundi la Falun Gong lilipigwa marufuku Julai 1999. Katika mkoa wa Zhejiang, kati ya 2014 na 2016, misalaba zaidi ya 1,000 iliondolewa kwenye mapaa ya makanisa. Kuhusu Waislamu wa Xinjiang, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza Agosti 2022 kwamba vitendo vilivyofanyika huko huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, jambo ambalo Beijing inalikanusha.

Serikali hiyo isiyoamini roho ilitunga mwaka 2007 kanuni inayotaka lama wa Tibet apate kibali kabla ya kuzaliwa upya. Ni rahisi kucheka, lakini anayetoa kibali ndiye atakayetaka kumtaja mrithi wa Dalai Lama, aliyetimiza miaka 90 Julai 2025.

Hata kaburi halikuachwa. Mwaka 2018, mkoani Jiangxi, maofisa waliotekeleza amri ya kuchoma maiti ili kuokoa ardhi walipita vijijini wakinyang'anya na kuvunja majeneza ambayo wazee walikuwa wameyaandaa miaka mingi kwa ajili ya maziko yao. Hata vyombo vya habari vya serikali vilikemea.

Ni serikali hiyo hiyo iliyoifanya Qingming kuwa sikukuu ya mapumziko ya kitaifa kuanzia mwaka 2008. Miji mingi imekataza kuchoma karatasi hadharani kwa sababu ya moshi na moto, na inawahimiza watu wapeleke maua au wawakumbuke wafu wao kupitia mtandao. Wapo wanaotii. Wengine husubiri giza liingie, wakachora duara la chaki kwenye njia panda, wakaacha uwazi upande linakoelekea kaburi, na kuwasha moto wao humo.