Kibali cha Bomba na Choo

Msomaji kijana, ukisafiri kutoka Bomet kwenda Narok utapita Mulot, soko lililo kando ya mto Amala. Hapo kaunti mbili hupakana, Bomet na Narok. Serikali ni mbili, lakini maji ni yale yale. Amala hutoka msitu wa Mau, hukutana na Nyangores kufanya mto Mara, na Mara huvuka mpaka na kuingia Tanzania, hata ukafika Ziwa Viktoria. Basi amwagaye uchafu Mulot huwamwagia watu asiowajua.

Mfikirie mtu ajengaye nyumba mahali hapo. Shamba ni lake, mawe ni yake, na fedha ameitafuta kwa jasho. Aambiwapo alete ramani apate kibali kabla ya kujenga choo na kulaza mabomba, huudhika. Husema, "Nachimba kwangu, kibali cha nini?" Swali hilo si la upuuzi, na jawabu lake limo katika historia.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza wafu walikuwa wakinywa maji ya wapi. Akaona kuwa wengi walikunywa maji ya kisima kimoja, chenye pampu, katika barabara ya Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye, mahali hapo palipofukuliwa, lilionekana shimo la uchafu la nyumba jirani likivuja, nalo halikuwa mbali na kisima hata mita moja. Mwenye nyumba hakukusudia kumdhuru mtu. Shimo lilikuwa lake, lakini madhara yake yalikuwa ya mtaa mzima. Kwa misiba ya namna hiyo Uingereza ilitunga sheria ya afya ya mwaka 1875, iliyozipa serikali za mitaa uwezo wa kusimamia ujenzi wa nyumba na mifereji ya maji machafu.

Kenya ilipata sheria yake ya afya ya umma mwaka 1921, wakati wa ukoloni. Mwaka 1968, baada ya uhuru, zilitolewa kanuni za ujenzi za daraja mbili: moja kali, na nyingine nyepesi kwa nyumba za gharama ndogo. Lakini kanuni hizo hazikuwa na nguvu mahali popote mpaka halmashauri ya mahali hapo izipokee. Hivyo sheria iliyotangulia kukaa mjini ilichelewa kufika shambani.

Katiba ya mwaka 2010 ilimpa kila mtu haki ya maji safi na usafi wa kufaa, na tangu mwaka 2013 kazi ya maji na usafi imo mikononi mwa kaunti. Hata hivyo, mwaka 2015 kipindupindu kilizuka katika kaunti kadhaa, Bomet ikiwa mojawapo. Haki iliyoandikwa haizibi shimo linalovuja.

Lakini sheria nayo yapasa kuwa na kiasi. Sheria ya maji ya mwaka 2016 haimdai kibali mama atekaye mtoni kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani. Humdai yule achimbaye kisima kirefu kwa mitambo. Hiyo ni hekima. Kibali kikiwa ghali mno, au kikicheleweshwa ili mtu atoe hongo, maskini atachimba usiku, na bwana afya hatajua. Hapo kanuni itakuwa imewaumiza wale iliowekwa kuwalinda.

Siku moja, msomaji, nawe utajenga. Utakapopima mahali pa choo chako, tazama kwanza mteremko unaelekea wapi, na ni nani atekaye maji huko chini. Yeye hatakuwapo siku hiyo kujitetea. Kibali ndicho kinachosema kwa niaba yake.