Kijiji Kihesabu Nini? Usalama, Afya na Ustawi katika Mipango ya Jamii

Katika vijiji vingi vya Tanzania Bara, mpango wa maendeleo huonekana kabla haujasomwa. Upo kando ya ofisi ya mtendaji: boma la zahanati lililofikishwa usawa wa lenta kwa nguvu za wananchi, likisubiri halmashauri ilipaue. Waliosomba mawe, mchanga na maji walifanya hivyo kwa moyo, na jasho lao halistahili kubezwa. Hata hivyo, mwulize mjumbe wa serikali ya kijiji boma hilo litabadili nini, naye atajibu kwamba litakuwa zahanati. Ni watoto wangapi wanaokufa kwa homa mwaka huu ambao wasingekufa? Ni wajawazito wangapi wanaojifungulia njiani? Hayo hayamo kwenye muhtasari wa kikao.

Makala haya yanadai kwamba malengo ya jamii kuhusu usalama, afya na ustawi yatamkwe kama hali za watu ambazo kijiji chenyewe kinaweza kuzihesabu, na kwamba hesabu hiyo irudi kwenye mkutano uleule ulioweka lengo. Chombo cha kufanya hivyo kipo tayari. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zimeupa mamlaka mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Chini yake ipo halmashauri ya kijiji yenye kamati za fedha na mipango, huduma za jamii, na ulinzi na usalama. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 upo pia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaowataka wananchi waibue vipaumbele vyao wenyewe.

Kwa nini basi vipaumbele hivyo hufanana toka kijiji hadi kijiji? Sababu mojawapo ni kwamba wananchi wamejifunza kuomba kile ambacho serikali hutoa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ahadi ilikuwa njema, na palipojengwa watu wameona nafuu. Lakini ilifundisha kizazi kizima cha viongozi wa vijiji kwamba lengo ni kitu chenye ramani, makadirio ya saruji na siku ya uzinduzi. Kifo cha mtoto hakina fungu la bajeti mpaka mtu akihesabu.

Kuhesabu kulifanyika Rufiji na Morogoro Vijijini, na kisa chake kinafaa kusomwa tena na kila anayeandaa mipango ya wilaya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ikishirikiana na IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, iliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya hizo mbili. Wadadisi walipita kaya kwa kaya wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea msiba, ndugu waliulizwa kwa upole: homa ilianza lini, alikohoa, alipumua kwa shida, alishikwa na degedege? Madaktari walisoma majibu hayo na kukadiria sababu ya kifo. Kazi hii ilikuwa na uzito kwa sababu wengi walifia nyumbani. Daftari la hospitali halikuwahi kuwaona.

Takwimu hizo zilipowekwa kando ya bajeti, pengo lilijitokeza wazi. Malaria ilichangia takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipata takriban asilimia 5 tu ya fedha za afya za wilaya. Hakuna aliyekusudia dhuluma hiyo. Fedha zilifuata mazoea ya mwaka uliotangulia na matakwa ya wafadhili. Timu za afya za wilaya zilipoona pengo kwa macho yao zilibadili mgawanyo: watumishi wa zahanati walifunzwa kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla badala ya kutibu dalili moja moja, na vyandarua vyenye dawa vikasambazwa. Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola mbili za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka, lakini wilaya ziliweza kutumia chini ya dola moja. Katika muda wa takriban miaka mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Si haki kudai kwamba kila uhai uliookolewa ulitokana na hesabu. Lakini fedha zilizoongezwa zilikuwa kidogo mno kueleza mabadiliko makubwa kiasi hicho. Kilichobadilika zaidi ni swali ambalo wapangaji walijiuliza kabla ya kugawa fedha.

Hata hivyo, kisa cha Rufiji kina upungufu ambao wanaokisifu huupita haraka. Wananchi walitoa habari za misiba yao na nguvu zao za kukarabati zahanati. Wakaona matunda, lakini chati zilisomwa makao makuu ya wilaya. Laiti zingesomwa pia chini ya mwembe, mjadala ungekwenda mbali zaidi. Chukua degedege. Katika ukanda wa pwani wazazi wengi waliiona kuwa ugonjwa wa peke yake, wa kupelekwa kwa mganga wa jadi, na wengine waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hospitalini atakufa. Chati inayosema malaria haimgusi bibi anayeamini hivyo. Lengo lisemalo kwamba hakuna mtoto wa kijiji hiki mwenye degedege atakayeachwa usiku kucha bila kufikishwa zahanati lingemlazimu bibi, mganga, mwenye pikipiki na mtumishi wa zahanati wakae pamoja. Lengo la namna hiyo haliwezi kuandikwa wilayani.

Kijiji nacho hakiwezi kunakili malengo ya taifa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kijiji chenye watu 3,000 kina vizazi vipatavyo mia moja kwa mwaka. Kwa kiwango hicho kingempoteza mama mmoja katika muda wa takriban miaka kumi. Miaka tisa ya kimya ingeonekana kuwa ushindi, na mwaka wa kumi ungeonekana kuwa bahati mbaya. Kwa hiyo kijiji kihesabu hatua za safari: wajawazito wangapi wamehudhuria kliniki mapema, wangapi wamejifungulia kituoni, na usiku uchungu ulipoanza usafiri ulipatikana baada ya muda gani. Mfumo wa m-mama, ambamo mtu hupiga 115 bila malipo na dereva wa jamii akatumwa, umefanya swali hili la mwisho lijibike.

Upande wa usalama ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo jamii inaweza kuhesabu kwa usahihi na bado ikakosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora waliunda Sungusungu kupambana na wizi wa ng'ombe na ujambazi ambao polisi walishindwa kuudhibiti. Lengo lilitoka kwa watu wenyewe, lilipimika, na lilifanikiwa kiasi kwamba mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kulitambua jeshi hilo la jadi. Lakini katika maeneo hayohayo, kwa miaka mingi, wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Baadhi ya makundi ya Sungusungu yalishiriki kuwafukuza vijijini walioshukiwa. Ng'ombe walihesabiwa, vikongwe hawakuhesabiwa.

Nimeukawilia mfano huu kwa makusudi. Anayetetea malengo ya jamii, kama ninavyotetea mimi, hana budi kukubali kwamba wengi mkutanoni wanaweza kumweka nje yule anayehitaji ulinzi kuliko wote. Mjane anayesengenywa hatasimama kuomba ulinzi mbele ya wanaomsengenya. Kwa hiyo hesabu ya usalama ianze na wale wasiosema: wazee wanaoishi peke yao, watoto wenye ulemavu, wanawake wanaopigwa majumbani. Habari zao zikusanywe faraghani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa ustawi, na mkutanoni isomwe idadi pasipo majina.

Macho yale mekundu yanaonyesha pia jinsi mgawanyo wa kamati unavyopotosha. Moshi ni suala la afya, upweke wa mzee ni suala la ustawi, mauaji ni suala la usalama. Yote matatu yamo ndani ya nyumba moja. Kadhalika mwanamke aliyejeruhiwa na mumewe: anafika zahanati, anaambiwa aanze polisi kuchukua fomu, ile PF3, na kituo cha polisi kiko kata nyingine. Wengi huishia njiani. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyoanzishwa katika baadhi ya hospitali, ambamo daktari, polisi na afisa ustawi hupatikana mahali pamoja, vimejibu tatizo hilo kwa wanaoweza kuvifikia. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017, ulilenga kupunguza ukatili huo kwa nusu ifikapo mwaka 2022, na ukaunda kamati mpaka ngazi ya kijiji. Lakini nusu ya ngapi? Kijiji kisichojua kilianza na matukio mangapi hakiwezi kujua kimefika wapi. Tena matukio yanayoripotiwa huongezeka pale watu wanapoanza kuiamini kamati, hivyo idadi iliyopanda inaweza kuwa habari njema. Mkutano usipoelezwa hilo, mwenyekiti atalaumiwa kwa kufanya kazi yake.

Wapo watakaosema wananchi wa kawaida hawawezi mijadala ya takwimu. Historia yetu inawapinga. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakutanisha takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Wakajadili malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba. Pingamizi lenye uzito ni jingine: takwimu hupikwa pale anayezipokea ana uwezo wa kuadhibu. Mtendaji wa kijiji akijua kwamba idadi ya vifo itatumika kumhamisha, vifo vitapungua kwenye karatasi. Dawa ninayoiona ni kugeuza mwelekeo wa uwajibikaji. Kijiji kikishasoma hesabu yake na kuweka lengo, mpango kabambe wa afya wa halmashauri ulazimike kukijibu kwa maandishi kabla ya bajeti kupitishwa: kipi kitagharamiwa, kipi hakitagharamiwa, na kwa sababu gani. Jibu hilo lisomwe kwenye mkutano mkuu unaofuata, na mkuu wa polisi wa kata awepo kujibu lile linalomhusu.