Reli ya Henry Davis katika Milima ya West Virginia

Ukiitazama ramani ya kaskazini-mashariki mwa jimbo la West Virginia, Marekani, utadhani unasoma orodha ya waalikwa wa harusi. Mji wa Davis una jina la ukoo wa Henry Gassaway Davis. Thomas, mji wa jirani, ni jina la ndugu yake. Elkins ni la mkwewe. Bayard na Gormania yametokana na majina ya wanasiasa wa Washington waliokuwa washirika wake.

Davis alizaliwa Maryland mwaka 1823. Baba yake alifilisika, kijana akaingia kazini mapema. Miaka ya 1840 alikuwa mfunga breki wa reli ya Baltimore and Ohio: mtu wa kupanda juu ya mabehewa yakiwa mwendoni na kukaza breki kwa mkono, mvua inyeshe, theluji ianguke. Alipanda cheo hadi kuwa stesheni masta wa Piedmont, akafungua duka na ndugu zake, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akawa anaiuzia reli mbao na vifaa.

Mwaka 1866, akiwa mbunge wa jimbo, alipata kibali cha kujenga reli yake mwenyewe. Siku hizi tungeuliza maswali. Kuanzia 1871 hadi 1883 alikuwa seneta, na mwaka 1884 treni yake ikafika Davis.

Sehemu kubwa ya utajiri wake ilitokana na reli hiyo. Miti na makaa ya mawe vilikuwapo milimani tangu zamani, ila havikuwa na njia ya kushuka sokoni. Treni ilipofika, shoka nalo likafika. Haikupita miaka arobaini msitu mnene ukawa visiki. Matawi yaliyoachwa yalishika moto, na kwingine moto ukala hata udongo wa mboji mpaka mwamba ukabaki wazi. Serikali ilianzisha Msitu wa Taifa wa Monongahela mwaka 1920 ili kuponya milima hiyo.

Mwaka 1904 chama cha Democratic kilimsimamisha agombee umakamu wa rais akiwa na miaka 80, wengi wakiutazamia mfuko wake. Chama kilishindwa, hata nyumbani kwake West Virginia. Alifariki mwaka 1916.

Mimi hunivutia zaidi Coketon, karibu na Thomas, ambako kampuni ya Davis ilikuwa na mamia ya matanuri ya koki. Makaa yalimiminwa kwa tundu la juu, mlango ukazibwa kwa matofali na udongo, ukiachwa upenyo mdogo tu wa hewa. Yaliungua polepole kwa siku mbili au tatu, ikabaki koki ngumu ya kuyeyushia chuma. Ndipo mlango ukabomolewa, maji yakamwagwa, na wanaume wakaivuta koki kwa reki ndefu huku joto likiwachoma nyuso.

Miongoni mwao walikuwamo Wamarekani weusi, na watoto wao walikuwa na shule yao. Mwaka 1892 bodi ya elimu iliamua shule hiyo ifunguliwe miezi 5, ilhali ya wazungu ilifunguliwa miezi 8. Mwalimu Carrie Williams, kwa ushauri wa wakili J. R. Clifford, alifundisha miezi yote 8, kisha akadai mshahara wa ile 3. Kesi ilikwenda hadi mahakama ya juu ya jimbo, ambayo mwaka 1898 iliamua alipwe, ikikataa rangi kuwa sababu ya kuwapunguzia watoto muda wa masomo.