Kamera ilipowakuta akina mama wa Kisii

Wasee, skizeni hii. Katikati ya miaka ya 1970, Robert LeVine na wenzake kutoka Marekani walikuja Kisii, Nyamira ikiwa bado ndani yake. Wakarekodi video za akina mama na watoto wachanga, uso kwa uso, kisha wakahesabu: nani ametabasamu, nani ameangalia kando.

Mtoto akichangamka sana, mama alitazama pembeni. Kwa macho ya Boston, huyo ni mama asiyejali. Wapi! Alikuwa anamtuliza. Halafu kuna chinsoni, zile sheria zetu za heshima kati ya wazazi na watoto. Kukaziana macho si tabia. Kitabu chao cha 1994 kilieleza hayo.

Siku hizi kuna programu zinazodai kusoma hisia usoni. Ningetaka zijaribiwe kwanza kwa magokoro wa Nyamira.