Hodi si shambulio

Programu ya ukuta wa moto kwenye kompyuta ya nyumbani ikiripoti "mashambulizi" mia kwa siku moja, mwenye kompyuta hukosa usingizi. Kosa ni la neno. Shambulio lina mlengwa. Mistari mingi ya ripoti hiyo haina. Tazama mmoja: saa, anwani ya ugenini, mlango namba 23, "imezuiwa". Mlango huo ni wa huduma ya Telnet, ambao programu hasidi ya Mirai iliutumia mwaka 2016 kuteka kamera na ruta. Mashine zilizoambukizwa huugonga kwenye anwani yoyote, bila kujua ni ya nani. Wala si kazi ngumu: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba kompyuta moja inaweza kugonga mlango mmoja wa anwani zote za IPv4 kwa chini ya dakika 45. Kiswahili kina neno la tendo hilo: hodi.

Utasema mwizi naye hupiga hodi kujua kama kuna mtu. Kweli, na ndiyo maana mlango hufungwa. Lakini hodi isiyoitikiwa "karibu" haimwingizi mtu. Wa kuhofiwa zaidi ni mstari unaotoka ndani: programu usiyoijua inayoita anwani ya nje kila baada ya dakika chache. Hapo mwizi huenda keshaingia, mchunguze kwanza. Neno "shambulio" tumwekee yeye. Zilizozuiwa ni hodi tu, zisomwe bila taharuki.