Pepo Mbili, Bahari Mbili: Misimu na Chambo katika Uvuvi wa Kusini mwa Pemba

Mtambile ni mji mdogo wa njia panda katika Wilaya ya Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba. Barabara kuu itokayo bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake hupita hapo, na hapo ndipo zinapochepuka njia za Kangani, Kengeja na Mwambe. Mji wenyewe hauko ufukweni. Umezungukwa na vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Hata hivyo kisiwa ni chembamba, na wakaazi wake wana bahari mbili karibu nao. Magharibi kuna hori zenye mikoko, visiwa vidogo na, nje yake, Mkondo wa Pemba wenye upana wa kilomita 50 hivi na kina kinachozidi mita 700. Mashariki kuna maji mafupi na mwamba, na nje ya mwamba ni Bahari ya Hindi wazi. Historia ya uvuvi wa sehemu hii ni ya kuchagua kati ya bahari hizo: ipi iingiwe, kwa upepo gani, kwa zana gani na kwa chambo gani.

Ushahidi wa kale wa uvuvi katika visiwa hivi umo katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza. Kitabu hicho kinakitaja kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu wengi hukilinganisha na Pemba au Unguja. Kinasema watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo, walivitumia kuvua samaki na kukamata kasa, na walitega vikapu katika milango ya maji baina ya miamba. Mtego wa namna hiyo, unaoyaachia maji na kumzuia samaki, haujatoweka Pemba hadi leo.

Uchimbaji wa akiolojia unaongeza habari nyingine. Huko Tumbe, kaskazini mwa Pemba, palipokaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, watu walikula zaidi samaki wa karibu: wa mwamba, wa hori na wa maji mafupi. Katika Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, mifupa ya papa na ya samaki wa maji makuu inaonekana zaidi katika matabaka ya karne ya 11 na baadaye. Inaelekea watu wa pwani walianza na samaki wanaoweza kufikiwa kwa miguu na kwa mtumbwi, kisha wakatoka nje ya mwamba kadiri vyombo vyao na ujuzi wao wa pepo ulivyokua.

Ujuzi huo ulihitaji kalenda. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na huzunguka misimu yote, kwa hiyo hauwezi kumwambia mvuvi lini upepo utageuka. Wavuvi, manahodha na wakulima wa pwani wakatumia pia mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, iangukayo katika Julai au Agosti. Mwaka huo una siku 365, zilizogawanywa katika makumi 36, na siku tano za mwisho husimama peke yake. Mzee wa bahari hakutaja mwezi wa kizungu. Alihesabu makumi tangu Nairuzi na kujua kwamba kumi fulani ni la kuanza kupanga mishipi, na kumi jingine ni la kupandisha vyombo pwani na kuvitia mafuta. Nyota nazo zilisaidia. Kilimia kinapotua magharibi pamoja na jua, mnamo mwanzo wa Mei, masika huwa yamekwisha kushika na kusi iko njiani.

Pepo kuu ni mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili au Mei na kudumu hadi Septemba. Kusi ni kali kuliko kaskazi. Mkondo wa bahari wa pwani hii nao huenda kaskazini mwaka mzima: wakati wa kusi upepo na maji husukuma upande mmoja na mkondo ukawa wa kasi, na wakati wa kaskazi upepo huyakabili maji na mkondo ukapungua. Baina ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya utulivu, matlai ikivuma kutoka mashariki kwa upole. Juu ya mzunguko wa mwaka upo mzunguko wa mwezi: bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayokaribia mita nne, na katikati yake huja maji mafu. Kila uamuzi wa mvuvi hupita katika hesabu hizi mbili, ya upepo na ya maji.

Kaskazi ndio msimu wa maji ya nje. Bahari hutulia, maji huwa meupe, na samaki wakubwa wanaowinda kwa macho hupanda karibu na uso wa bahari: nguru, sehewa, kolekole, mzia, faulusi na nduaro. Kwa hao njia ya asili ni kurambaza. Ngarawa au dau hutweka tanga na kukata maji, nao mshipi hufuata nyuma ukiwa na ndoana moja. Kwa kuwa samaki hao huvutwa na mwendo na mng'aro, chambo lazima kionekane kiko hai. Kibua mzima aliyetungwa kichwani ili aogelee sawasawa, simu, au kipande kirefu cha tumbo la samaki mweupe ndivyo vilivyopendwa. Chambo kilipokosekana, mvuvi alifunga manyoya meupe ya ndege au kitambaa cheupe juu ya ndoana. Siri kubwa ilikuwa katika mwendo wa chombo: tanga likilegea chambo huzama na nguru hakitazami, na likizidi kasi chambo huzunguka na kumtisha. Kwa sababu hiyo upepo wa wastani wa kaskazi ulikuwa na thamani kubwa kwa mrambazaji.

Siku moja ya kaskazi kwa hiyo ilikuwa na uvuvi wa aina mbili. Alfajiri watu walitafuta chambo, kwa kimia kwenye maji mafupi au kwa ndoana ndogo karibu na mwamba, na jua lilipopanda ndipo walipotoka nje. Aliyekosa vibua asubuhi mara nyingi alikosa nguru jioni.

Masika yanapoanza, mito midogo ya Pemba huchukua udongo wa mabonde hadi kwenye hori na maji hugeuka rangi. Kisha kusi hushika, na mawimbi makubwa hupiga ncha ya kusini na mwambao wa mashariki. Hapo uvuvi wa watu wa Kengeja, Mwambe na Kisiwa Panza hujikunja ndani ya mwamba, na upande wa magharibi, uliokingwa na kisiwa chenyewe, hupata watu zaidi. Samaki wa msimu huu ni wa chini: changu, chewa, tasi na pono. Katika maji yenye vumbi samaki hafuati mng'aro, hufuata harufu. Chambo kwa hiyo hubadilika. Kwa mshipi wa kutua chini, wenye chubwi la kuushikilia dhidi ya mkondo, pweza na ngisi ndio wa kwanza. Nyama ya pweza ni ngumu, haitoki kwenye ndoana kwa kudonolewa na samaki wadogo, na chewa huipenda. Ngisi ni laini zaidi na hunasa changu wepesi. Kaa na kamba hutumika karibu na mikoko.

Zana ya pili ya kusi ni dema. Ni mtego uliosukwa kwa vipande vya fito au mwanzi kwa matundu yenye pembe sita, na mlango wake unaingilika kwa urahisi lakini hautokeki. Huzamishwa kwa mawe kando ya mwamba au juu ya majani ya bahari. Ndani yake chambo hufuata tabia ya samaki anayekusudiwa. Tasi hula majani, kwa hiyo dema la tasi hutiwa mwani. Anayetaka samaki wala nyama hutia konokono wa baharini, kaa waliopondwa au matumbo ya samaki. Faida ya dema ni kwamba hufanya kazi mvuvi akiwa nyumbani, jambo kubwa katika msimu ambao siku za kutoka baharini ni chache.

Uzio, kwa upande wake, hauhitaji chambo. Fito hufungwa pamoja na kusimamishwa kama ukuta katika mapito ya hori, na maji ya bamvua yanapopwa samaki waliopanda nayo hubaki nyuma ya ukuta. Wanawake walitanda vitambaa katika maji mafupi kupata samaki wadogo, na wakati wa kupwa walitembea juu ya mwamba kutafuta pweza na chaza kwa chuma chenye ncha. Kazi hiyo ililisha nyumba, na pia ililisha ndoana: pweza wengi waliogeuzwa chambo walitoka mikononi mwao. Kulikuwa vilevile na utupa, mmea uliopondwa na kutiwa katika vidimbwi vya maji ya kupwa ili kuwalevya samaki. Njia hiyo iliua wakubwa na wadogo kwa pamoja, na sasa imekatazwa.

Kusi inapolegea, kuanzia Agosti, huja demani. Makundi ya jodari hupita katika Mkondo wa Pemba, na ndege wa baharini wanaoshambulia dagaa huonyesha mahali walipo. Mvuvi huelekea kwenye ndege, hupita kando ya kundi bila kulikata, na hutupa mshipi wenye dagaa au simu, kwa sababu jodari anayekula dagaa hukataa chambo kikubwa mno. Msimu huu hukutana na mavuno ya karafuu, na hapo ndipo bara na pwani ya Pemba zilipofungamana. Said bin Sultan aliieneza mikarafuu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangamiza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa mzalishaji mkuu. Wachumaji waliojaa mashambani walihitaji kitoweo, na fedha ya karafuu iliwapa wavuvi soko katika vijiji vya bara. Samaki wabichi walikwenda mwendo mfupi tu. Waliobaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa kuwa ng'onda, ambayo ilidumu hadi msimu mbaya.

Mwezi nao uliamua kazi ya usiku. Katika giza la mwezi mwandamo, dagaa na ngisi hufuata mwanga. Mienge ya makuti ilitumika zamani, zikafuata karabai, na sasa taa za umeme wa betri. Kilichoanza kama njia ya kupata chambo kikawa biashara kamili, na dagaa waliochemshwa na kuanikwa huko Zanzibar hupelekwa hadi Tanzania Bara na Kongo.

Misimu iliwahamisha pia wavuvi wenyewe. Kaskazi iliposhika, makundi ya Wapemba, hasa watu wa kisiwa cha Kojani, yalikwenda dago: yalipiga kambi kwa miezi kadhaa Tanga, Mafia na pwani ya Kenya, kutoka Vanga na Shimoni hadi kaskazini ya Malindi. Walibeba mishipi na majarife ya papa, na ujuzi wa kuvua nje ya mwamba. Wengi walirudi kusi ilipoanza, wengine walioa na kubaki. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za nchi hiyo.

Shimoni, ng'ambo ya mkondo, ndipo pia uvuvi wa michezo ulipoota mizizi katika karne ya 20, wageni wakifuata nduaro na jodari kwa fimbo na mashine. Pwani ya Kenya ilikuwa imekwisha kuvuta wavuvi wa aina hiyo mapema. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Misimu yao haikutofautiana na ya wenyeji: jodari kuanzia Agosti, nduaro katika kaskazi.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 zana zilibadilika haraka kuliko wakati wowote kabla. Nailoni iliiondoa mishipi ya pamba na nyuzi za mimea. Haiozi, na samaki haioni vizuri. Injini ilimpa mrambazaji mwendo asioutegemea upepo, boti za faiba zikaanza kuchukua nafasi ya mitumbwi ya gogo, na barafu ikawafikisha samaki wabichi mbali zaidi. Lakini injini haikufuta kalenda. Mawimbi ya kusi bado huzuia boti ndogo, vumbi la masika bado hutaka chambo cha harufu, na mbalamwezi bado huwapumzisha wavuvi wa dagaa. Kilichobadilika ni kwamba mapumziko ya samaki yamepungua, kwa kuwa siku nyingi zilizofungwa na upepo sasa zinavulika.

Hatua za hifadhi zimejaribu kurudisha mapumziko hayo. Kisiwa cha Misali kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 hifadhi ya Mkondo wa Pemba, ijulikanayo kwa kifupi PECCA, ikajumuisha bahari ya magharibi ya kisiwa. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Namba 7 ya 2010 ndiyo inayosimamia zana na njia za uvuvi. Katika Kisiwa Panza, tangu katikati ya miaka ya 2010, wanakijiji wameufunga mwamba kwa pweza kwa miezi kadhaa na kuufungua kwa siku iliyopangwa. Pweza hukua haraka, hivyo muda mfupi wa kufunga hutosha kuongeza uzito wake. Zamani kusi ndiyo iliyoufunga mwamba. Sasa hufungwa kwa makubaliano ya kijiji.