Mafundi wa bati na jiko lisilo na hataza

Waliozoea kusoma hapa mambo ya hifadhidata na seva watanivumilia leo, maana nataka kuongea juu ya jiko la makaa. Ndiyo, lile lile la kiuno chembamba ambalo mama anachomea mahindi kando ya barabara.

Niliwahi kuandika juu ya programu huria, na watu wawili watatu wakaniuliza kama kuna kitu chochote cha huria kilichotengenezwa Kenya kikavuka mipaka bila kampuni kubwa nyuma yake. Kipo. Pengine kiko nyuma ya nyumba yako sasa hivi, kimejaa jivu.

Aliyenichokoza ni fundi mmoja wa Garsen. Kwa asiyeijua, Garsen ni mji mdogo kwenye Mto Tana, mahali barabara ya kutoka Malindi inapogawana: moja inaelekea Witu na Lamu, nyingine inapanda Hola hadi Garissa. Nilikuwa nangoja gari, na ukingoja gari Garsen unapata muda wa kutazama. Chini ya mwarobaini palikuwa na mzee mmoja anakata bati kwa mkasi, anakunja pindo, anazigonga kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Weldi hakuna, umeme hakuna. Nikamwamkia, tukasalimiana, nikamuuliza nani alimfundisha.

"Jiko lenyewe, mwanangu. Nililinunua moja, nikalifungua."

Sisi wa kompyuta tuna jina refu la kazi hiyo na watu wanalipwa pesa nyingi kuifanya. Mzee yule alifungua jiko moja, akatandaza vipande vyake, akavichora juu ya kadibodi, na kadibodi ile ikawa kiolezo chake. Hakuvunja sheria yoyote. Jiko lile halikuwa na mwenyewe wa kumshtaki, na hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Turudi nyuma kidogo. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Pamoja nao, husemwa, lilikuja jiko la bati la mviringo, dogo, la kubebeka, la kupikia kwa makaa. Kijijini watu walipika kwa kuni juu ya mafiga matatu, na mafiga yanatosha ukiwa na uwanja. Chumba cha kupanga mjini hakina uwanja. Miji ilipokua, jiko la bati likakua nayo.

Waliolitengeneza mwanzoni walikuwa mafundi wa Kihindi wenye karakana zao. Waafrika waliajiriwa humo kama vibarua wa kushika, kubeba na kufagia. Cheti hawakupewa, lakini macho walikuwa nayo. Mtu akishashika bati miaka mitatu mbele ya fundi anayelikata, atajua kulikata. Wengi walitoka, wakaanza wenyewe chini ya jua, kwenye viwanja vya Nairobi kama Gikomba, Shauri Moyo na Kamukunji. Mtafiti Mwingereza Kenneth King aliwafuatilia watu hawa akaandika kitabu The African Artisan mwaka 1977, halafu Jua Kali Kenya mwaka 1996, na kwa hicho cha pili aliwarudia baadhi ya mafundi wale wale aliowajua zamani. Alieleza namna koroboi zilivyotengenezwa kwa mikebe ya mafuta, na vibebeo vya baiskeli kwa vyuma chakavu. Serikali kwa muda mrefu iliwaona ni uchafu wa mjini. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya ikasema kinyume: hawa wanazalisha, waacheni wafanye kazi. Ilichukua miaka zaidi ya 10 mpaka Rais Moi alipokwenda kuwaona Kamukunji katikati ya miaka ya 1980, na vibanda vya kuwakinga jua vikaanza kujengwa. Jina "jua kali" lakini lilishakaa, halikuondoka na vibanda.

Sasa tuje kwenye jiko lenyewe, maana hapa ndipo uhandisi ulipo.

Jiko la bati tupu lina kasoro moja kubwa: bati linapitisha joto vizuri mno. Makaa yanagusa bati, bati linawaka, joto linatoka ubavuni kwenda kumpasha mpishi miguu. Daniel Kammen, mwanafizikia wa Marekani aliyeandika juu ya jambo hili katika jarida la Scientific American mwaka 1995, alieleza kwamba kwenye jiko la namna hiyo asilimia 10 hadi 20 tu ya joto ndiyo inayofika kwenye sufuria. Yaani gunia la makaa likiingia ndani, sehemu kubwa yake umeipikia hewa. Kama ningeandika programu inayopoteza kumbukumbu namna hiyo, mngenifukuza kazi, na mngekuwa na haki.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mbadala hapo hapo Nairobi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya miaka ya 1970, na kila mtu alikuwa anaogopa misitu itakwisha. Wakati huo huo kukawa na mradi wa nishati wa Wizara, ukifadhiliwa na Marekani, na muungano wa mashirika yasiyo ya kiserikali uliojulikana kama KENGO. Mtu ambaye jina lake linatajwa kila penye habari za jiko hili ni Maxwell Kinyanjui, mbunifu Mkenya. Wazo la kuanzia lilitoka Thailand, ambako watu walikuwa na jiko la ndoo: ndoo ya bati nje, chungu cha udongo ndani, na kitu cha kuzuia joto katikati.

Kulinakili jiko la Thailand moja kwa moja hakukufaa. Ndoo ilikuwa na chungu kizito kinachojaza jiko zima kutoka juu hadi chini. Udongo mwingi maana yake uzito mwingi, moto mwingi wa tanuri, nyufa nyingi. Pia mafundi wa Shauri Moyo hawakuwa na mashine ya kutengeneza ndoo. Walikuwa na mkasi, tindo, nyundo na mapipa ya zamani.

Suluhisho lilikuwa kile kiuno. Chukua koni mbili za bati, moja imesimama na moja imepinduliwa, uziunganishe pale penye wembamba. Ya juu inapokea chungu cha udongo, kifupi, chenye matundu chini ya kupitisha jivu. Chungu hakihitaji kushikiliwa na kitu. Kinakaa ndani ya koni kwa uzito wake kama kikombe ndani ya kikombe, na saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya vemikulaiti inakibana na kuzuia joto. Koni ya chini inabaki bati tupu, kwa sababu huko kuna jivu na hewa tu, na ina mlango mdogo wa kupunguza au kuongeza upepo. Kitako ni kipana kwa hiyo jiko halipinduki ukisonga ugali. Na koni, tofauti na ndoo, inakatwa kutoka bati bapa kwa mkasi na kukunjwa kwa mkono.

Someni tena aya hiyo taratibu. Kila uamuzi ndani yake umefanywa kwa kumtazama fundi ana vifaa gani na mpishi anafanya nini. Nimekaa kwenye mikutano ya programu ambayo haikufika hata nusu ya hapo.

Jiko hili hufikisha kwenye sufuria asilimia 25 hadi 40 ya joto, kwa hesabu za Kammen. Kwa familia ya mjini hiyo ni mamia ya kilo za makaa kwa mwaka ambazo hazikununuliwa.

Lakini msidhani lilipokelewa kwa vigelegele. Majiko ya kwanza yaliuzwa ghali, kama dola 15 za wakati ule, na mengi yalikuwa mabovu. Vyungu vilipasuka. Saruji ilibanduka. Wafinyanzi hawakuwa wamezoea kufanya kazi na watu wa bati, na watu wa bati hawakuwa wamezoea kupima: chungu kikizidi kidogo tu, hakiingii, kikipungua, kinacheza mpaka kinavunjika. Ni tatizo lile lile la vipande viwili vya programu vilivyoandikwa na watu wawili wasioongea. Ilibidi kuwe na vipimo vya pamoja, na mafunzo, na miaka kadhaa ya kurekebisha.

Na hapo ndipo uamuzi ninaoupenda zaidi ulipofanyika. Jiko halikuwekewa hataza, na wala halikupewa ruzuku dukani. Waliolibuni waliwafundisha mafundi waliokuwa tayari wanauza majiko ya bati, wakawaachia soko. Aliyetaka kunakili alinakili. Wakatokea waliotengeneza vizuri na waliotengeneza vibaya sana, na mnunuzi akajifunza kugonga chungu kwa kidole na kusikiliza kama kinalia au kimepasuka. Bei ikashuka kutoka zile dola 15 hadi dola chache tu. Katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yanatumika Kenya, katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini, yakitengenezwa na karakana zaidi ya 200. Tanzania wakalichukua wakaliita jiko bora. Uganda, Rwanda, Sudan, Ethiopia, mpaka Senegal, kila mmoja akalibadilisha kidogo kwa udongo wake na sufuria zake. Kwa lugha yetu, hayo ni matawi ya mradi mmoja.

Kuna upande wa pili, na mimi siuoni mdogo. Kwa kuwa halina hataza, halina pia anayelijibia. Mama akinunua jiko likapasuka wiki ya pili, hana pa kulirudisha. Na Kinyanjui na wenzake, walioibadili jikoni ya nusu ya mji, hawakulipwa chochote kila jiko lilipouzwa. Katika miaka ya 2010 kampuni ya BURN ilianza kuunda kiwandani Kenya jiko la Jikokoa, la chuma cha pua, linalokula makaa kidogo zaidi kuliko la udongo. Ni zuri, nimelitumia. Lakini mzee wa Garsen hawezi kulifungua na kutengeneza la pili kwa mkasi, na bei yake si ya mtu anayenunua makaa kwa mkebe. Mnaotoa programu zenu bure mnaijua mizani hii, na sijaona aliyeipatia jibu safi.

Huko Garsen mizani hiyo ina uzito mwingine. Fundi yule hana tanuri. Vyungu ananunua vimeshachomwa, vinafika kwa gari, na chungu cha udongo kwenye barabara mbovu ni kama yai. Aliniambia kwamba wakati wa mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, Tana ilipovimba ikakata barabara, alirudi kutengeneza majiko ya bati matupu, yale ya zamani, kwa sababu hakuna chungu kilichofika. Watu walikula makaa mengi zaidi wakati ule ule ambao makaa yalikuwa adimu. Nilimuuliza kwa nini asifinyange mwenyewe, mto umejaa udongo. Akasema udongo upo, amejaribu, unapasuka motoni; si kila tope ni la chungu. Hilo ndilo fungu la mradi ambalo halikunakilika kwa macho. Bati unalifungua ukaona lilivyokatwa. Udongo hauonyeshi ulichanganywa na nini wala ulichomwa kwa moto gani.

Makaa yenyewe, je? Kwenye kaunti ya Tana River sehemu ya makaa hutoka kwenye mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 kwenye miradi ya umwagiliaji kama Bura ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukatoroka. Sasa umefunga njia za mifugo na kuingia mashambani, wafugaji wa Orma wanaulaani na wakulima wa Kipokomo vile vile. Mwaka 2018 serikali ilipositisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na jamii, na kaunti kadhaa zikabana biashara ya makaa, mti huu ulitajwa mara kwa mara kama makaa yasiyo na dhambi. Ni makaa mazuri, mazito, yanakaa.

Jambo moja la mwisho kwa wanaopikia ndani, maana jiko hili halikulimaliza: moshi limepunguza, lakini hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, bado inatoka. Usiliingize chumbani usiku kwa ajili ya baridi, hata likionekana limezimika. Washia nje, subiri makaa yawe mekundu, na dirisha liache wazi.